Wa tisa kati ya kumi, na dhahabu ikawa yake

Tarehe 5 Agosti 2012, katika bahari ya Weymouth kusini mwa Uingereza, mashua kumi za aina ya Finn, mashua ndogo ya tanga ya mtu mmoja, zilishindana mbio za mwisho za Olimpiki ya London. Mfaransa Jonathan Lobert alifika wa kwanza. Mwingereza Ben Ainslie alifika wa tisa, na nyuma yake hakubaki mtu isipokuwa Mdenmark Jonas Høgh-Christensen. Lobert, mshindi wa siku, aliondoka na shaba. Mdenmark aliyefika wa mwisho aliondoka na fedha. Dhahabu ilikwenda kwa yule wa tisa, na kwa dhahabu hiyo akawa mwanamichezo wa tanga aliyefanikiwa kuliko wote katika historia ya Olimpiki hadi siku ile: dhahabu nne na fedha moja.

Mtu aliyekulia Tanzania ana haki ya kushangaa. Sisi mbio tumezijua kwa Filbert Bayi, aliyechukua uongozi mapema pale Christchurch mwaka 1974, asiuachie hadi kwenye utepe, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliye mbele ndiye mshindi, basi. Hata resi za ngalawa zinakwisha hivyo hivyo: wa kwanza kufika ndiye anayebebwa juu juu. Ndiyo maana wakazi wengi wa Dar es Salaam wakiziona zile mashua ndogo za Yacht Club zikizunguka maboya katika ghuba ya Msasani huona fujo tu. Moja inakwenda kushoto, nyingine kulia, ya tatu imesimama kabisa na tanga lake linapepea, na haijulikani nani anamfukuza nani. Kumbe mchezo huu una mantiki kali, na sijaona njia bora ya kuieleza kuliko maisha ya huyu Ainslie, kwa sababu alishinda kwa karibu kila namna ambayo mchezo unaruhusu, na namna hizo hizo ziliwahi kumwangusha.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mengine yote hayaeleweki. Ubingwa wa mashua ndogo hauamuliwi kwa mbio moja. Bahari haina njia zilizochorwa kama uwanja wa riadha, na upepo unaweza kumbeba mzembe na kumtupa hodari kwa nusu saa nzima. Kwa hiyo wanashindana mara nyingi kwa siku kadhaa, kisha wanajumlisha. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, wa ishirini 20, na mwenye jumla ndogo kabisa ndiye bingwa. Kila mmoja anaruhusiwa kufuta matokeo yake mabaya kuliko yote. Tangu Olimpiki ya 2008, kumi bora wanakutana tena katika mbio za medali, ambazo pointi zake huzidishwa mara mbili na hazifutiki.

Sasa rudi Weymouth. Kabla ya siku ile ya mwisho, baada ya mbio kumi na kufuta moja, Høgh-Christensen alikuwa na pointi 26 na Ainslie 28. Ainslie kufika wa tisa kulimpa 18, jumla 46. Mdenmark kufika wa kumi kulimpa 20, jumla 46. Wamelingana, na kanuni inasema wakilingana anatazamwa nani alimtangulia mwenzake katika mbio za medali. Ni kama siku ya mwisho ya Ligi Kuu, Simba au Yanga inapoingia uwanjani ikijua matokeo gani hasa inayahitaji na mpinzani wake anacheza na nani: huwezi kuihukumu mechi ile kwa mabao peke yake. Ainslie hakuhitaji kuwashinda watu tisa. Alimhitaji mmoja abaki nyuma yake, na alihitaji pia Mholanzi Pieter-Jan Postma asifike juu sana, kwani naye alikuwa karibu kabisa kuwapokonya wote wawili. Postma alikuwa akipanda vizuri mwishoni, mashua yake ikagusa ya mwenzake kutoka New Zealand, akalazimika kujizungusha kama adhabu. Matumaini yake yalikwama hapo.

Hesabu peke yake haisogezi mashua. Kinachoisogeza ni upepo, na hapa msomaji wa pwani ana mtaji ambao wenzake wa bara hawana. Mvuvi yeyote wa Kunduchi au Kigamboni anajua kwamba chombo cha tanga hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Ukitaka kwenda unakotoka upepo, unabisha: unakata kwa mshazari upande mmoja, unageuza, unakata upande wa pili, hadi ufike. Mashua ya mashindano inaukaribia upepo kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Ngalawa, kwa tanga lake la pembetatu na foromali yake, ule mti unaobeba tanga, kugeuza ni kazi ya watu wenye nguvu na nafasi, kwa sababu foromali lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Katika mashua ndogo ya mtu mmoja kama Laser ni jambo la sekunde chache. Unasukuma usukani, unainama tanga likupite juu ya kichwa, unahamia upande wa pili, safari inaendelea. Kwa kuwa kugeuza ni rahisi, swali la kila dakika linabaki kuwa moja: nigeuze sasa au niendelee?

Swali hilo ndilo moyo wa mchezo. Boya la kwanza karibu kila mara huwekwa upande unakotoka upepo, ili wote wabishe. Upepo nao haukai. Unapinda nyuzi tano kushoto, unarudi, unapinda nyuzi kumi kulia. Ukipinda kwa faida yako, omo, yaani mbele ya mashua yako, inaelekea karibu zaidi na boya bila wewe kufanya lolote. Ukipinda kinyume, unajikuta unakwenda kando, na kila mita unayokwenda ni hasara hadi ugeuze. Mashua mbili zenye kasi ile ile, zilizoanza pamoja, zinaweza kutenganishwa na mita mia kwa sababu mmoja aliona maji yakibadilika rangi upande wa kushoto na mwingine alikuwa anatazama tanga lake.

Ghuba ya Msasani ni darasa zuri la jambo hili. Rasi yenye Masaki na Oysterbay imeikinga kwa mashariki, na mdomo wake umefunguka kaskazini, kuelekea visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Upepo wa kaskazi, ule wa Desemba hadi Machi, unaingia mdomoni na kusukuma mawimbi ndani. Kusi ya katikati ya mwaka ina nguvu zaidi huko nje, lakini ndani ya ghuba inafika ikiwa imeshapita juu ya miti na maghorofa ya rasi, kwa hiyo inakuja kwa vipande: pigo kali hapa, shimo lisilo na upepo pale, na kila pigo lina upande wake. Anayejifunza hapo wakati wa kusi anajifunza kuyasoma maji mapema sana, la sivyo anabaki amesimama huku mwenzake, hatua thelathini tu kutoka kwake, anateleza. Nimewasikia wageni wakilalamika kwamba upepo wa Msasani hauaminiki. Mimi naona ni bahati ya ghuba ile.

Lipo jambo la pili kuhusu upepo, ambalo bila hilo kisa cha Sydney hakieleweki. Kila tanga linauvuruga upepo unaolipita. Nyuma na upande wa demani wa mashua yoyote, yaani upande unakoelekea upepo, kuna kivuli, eneo ambalo upepo ni dhaifu na umechafuka. Ukiingia katika kivuli cha mwenzako unapungua kasi. Kwa maana hiyo aliye mbele ana silaha mkononi: anaweza kuchagua akae mahali gani ili kivuli chake kimwangukie fulani. Ukigeuza kumkimbia, naye anageuza. Ukirudi, anarudi.

Ben Ainslie alizaliwa tarehe 5 Februari 1977 huko Macclesfield, mji wa ndani usio na bahari, lakini familia yake ilihamia Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, na akiwa na miaka minane akaanza kupanda mashua ndogo za watoto za aina ya Optimist. Baba yake alikuwa baharia: alikuwa nahodha katika mashindano ya kwanza ya Whitbread ya kuizunguka dunia, mwaka 1973. Kijana hakuwa mchangamfu. Ngozi yake iliumizwa na jua na shuleni alionewa, na mwenyewe amewahi kusema kwamba majini ndiko alikojiamini. Akiwa na miaka 16, mwaka 1993, alikuwa bingwa wa dunia wa Laser Radial, Laser yenye tanga dogo kidogo. Akiwa na miaka 19 alifika Olimpiki.

Laser yenyewe inastahili maneno machache. Ilichorwa na Mkanada Bruce Kirby karibu mwaka 1970: urefu wa mita 4.2, uzito wa kilo 59 hivi, tanga moja la mita za mraba 7.06, mtu mmoja. Zinatengenezwa kwa kipimo kimoja ulimwenguni pote, na kanuni zinakataza karibu kila ujanja wa kuiboresha. Siku hizi jina lake rasmi ni ILCA 7, ingawa watu bado wanaiita Laser. Iliingia Olimpiki mwaka 1996, katika michezo ya Atlanta, ambayo mbio zake za tanga zilifanyika Savannah.

Savannah ndiko Ainslie alikokutana na Robert Scheidt wa Brazil, mkubwa wake kwa karibu miaka minne, bingwa wa dunia tayari. Walifika mbio za mwisho Scheidt akiwa mbele kidogo. Ili kuelewa kilichotokea, lazima ujue mashua hizi zinavyoanza. Hakuna kusimama kwenye mstari, kwa sababu mashua haina breki. Kuna mstari wa kufikirika kati ya boya na mashua ya waamuzi, ishara zinatolewa dakika tano kabla, nne, moja, kisha sifuri, na kila mtu anazungukazunguka akijaribu kuufikia mstari akiwa na kasi kamili sekunde ile ile. Anayetangulia kuvuka anarudishwa. Watu wakivuka mapema mara kwa mara, waamuzi wanapandisha bendera nyeusi: hapo atakayeonekana amevuka katika dakika ya mwisho kabla ya ishara anaenguliwa, hana pa kurudi.

Bendera nyeusi ilikuwa juu. Scheidt alijua kwamba wao wawili wakienguliwa pamoja, dhahabu ni yake. Akavuka mstari mapema, na Ainslie, aliyekuwa amemganda, akavuka naye. Wote wawili nje. Kijana wa miaka 19 akapata fedha na somo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo: mpinzani wako anaweza kukushinda bila kufika popote.

Miaka minne baadaye, bandari ya Sydney, wawili wale wale, mbio za mwisho. Safari hii kila mshindani aliruhusiwa kufuta matokeo mawili. Scheidt aliongoza tena. Lakini Ainslie alikuwa amepiga hesabu: ikiwa wote wawili wataharibikiwa vibaya siku hiyo, matokeo ya siku hiyo yatafutwa kwa kila mmoja, yatabaki yale ya nyuma, na ya nyuma yalikuwa mazuri zaidi kwake. Hakuwa na haja ya kushinda mbio. Alihitaji Scheidt azipoteze.

Akamwinda tangu kabla ya mstari. Walipoanza, alijiweka joshini kwake, yaani upande unakotoka upepo, na kumwangushia kivuli cha tanga lake. Scheidt akageuza, Ainslie akageuza. Mashua nyingine zote zikatokomea mbele, wao wakabaki nyuma kabisa wakizungukana kama hakuna mtu mwingine baharini. Scheidt alikuwa mwanamichezo wa pekee na alijitahidi kujinasua hadi mwisho. Katika kujinasua huko mashua zao zikagusana, pingamizi likapelekwa mbele ya kamati ya waamuzi, na Scheidt akaenguliwa. Dhahabu ikaenda kwa Ainslie. Brazil walikasirika sana.

Je, ilikuwa haki? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni ndiyo. Kanuni za mchezo zinamruhusu mshindani kumzuia mwenzake ikiwa kufanya hivyo kunamsaidia yeye mwenyewe katika jumla ya mashindano. Zinakataza kumzuia mtu kwa chuki, au kwa ajili ya kumsaidia rafiki. Wote wawili walijua hesabu, wote walijua kanuni, na Scheidt ndiye aliyekuwa ameitumia hesabu ya namna ile kwanza. Wahenga walisema kwenda mbio si kufika, na hawa wawili walikuwa wakishindana katika kufika. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ulikuwa ustadi mgumu kuliko kwenda mbio. Kumzuia bingwa wa dunia kwa muda mrefu vile, katika mashua ya kilo 59, bila kuvunja kanuni, kunahitaji uione pembe yake kabla hajaichagua.

Kanuni zenyewe si nyingi kama watu wanavyodhani. Mbili zinabeba uzito mkubwa. Mashua mbili zinapokutana, moja upepo ukiipata kwa upande wa kulia na nyingine kwa kushoto, ya kushoto inampisha mwenzake. Zikiwa zote upande mmoja, iliyo joshini inampisha iliyo demani. Nyingine zinahusu, pamoja na mambo mengine, nafasi kwenye boya. Jambo la ajabu ni nani anayezisimamia. Katika mbio za kawaida hakuna refa mwenye filimbi. Ukimkosea mwenzako unatakiwa kujihukumu mwenyewe papo hapo: unaizungusha mashua yako mizunguko miwili kamili, mmoja ukiwa umegusa boya tu, kisha unaendelea na mbio ukiwa umepoteza nafasi zako. Usipokubali kosa, mwenzako anatangaza pingamizi na jioni mnakwenda kusikilizwa, kila mmoja akieleza, mara nyingi kwa vimashua vidogo vya kuchezea mezani. Mchezo mzima umesimama juu ya imani kwamba mtu atakubali kosa lake akiwa peke yake majini. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika michezo ya dunia, na ni sababu kubwa ya kupenda watoto wetu waujue.

Ainslie alionja upande mchungu wa kanuni hizo baada ya kuhama kutoka Laser. Kwa Olimpiki ya Athens mwaka 2004 aliingia katika Finn, mashua ya mita 4.5 iliyochorwa na Mswidi Rickard Sarby mwaka 1949, ambayo uzito wake unapita kilo mia na inamtaka mtu mzito wa kuisawazisha. Ilimlazimu kuongeza zaidi ya kilo 15 za mwili, na si za mafuta. Siku ya kwanza ya mashindano alianza vibaya, na mbio za pili Mfaransa Guillaume Florent akampelekea pingamizi, Ainslie akaenguliwa. Sasa alikuwa mbali nyuma na ruhusa yake ya kufuta matokeo mabaya ilikuwa imekwisha mapema mno. Kila kosa lililofuata lingebaki katika jumla. Alishinda dhahabu. Hapo hakukuwa na kumzuia mtu. Ilikuwa kasi, kuanza vizuri, kusoma upepo, mbio baada ya mbio, na wale wanaosema alikuwa hodari wa hila tu wanapaswa kuitazama Athens. Mwaka 2008 huko Qingdao, China, aliongeza ya tatu.

Uzito ninaoutaja una kazi yake. Upepo unapolisukuma tanga unataka kuilaza mashua, na mashua iliyolala inapoteza kasi. Mabaharia wa ngalawa wana mirengu na ndubi, ile miti na vigogo vya pembeni, za kuwasaidia, na upepo ukizidi mtu anapanda juu ya mrengu. Katika Laser au Finn nahodha ndiye mrengu: anaingiza miguu chini ya mkanda ulio sakafuni na kuutupa mwili wake wote nje, joshini, mapaja yakiwa yamekazana, kwa dakika kumi na tano au ishirini bila kupumzika, huku mkono mmoja unavuta kamba ya tanga na mwingine umeshika usukani.

Mtu aliyeufanya mkao huo kuwa sayansi alikuwa Mdenmark Paul Elvstrøm, na huwezi kueleza ukubwa wa Ainslie bila yeye. Alizaliwa mwaka 1928. Mwaka 1948, akiwa na miaka 20, alikwenda Olimpiki ya London, iliyoshindaniwa Torquay kwa upande wa tanga. Mbio za kwanza hakumaliza. Hesabu za pointi za wakati ule zilimpendelea sana mshindi wa kwanza, naye akashinda mbio mbili za mwisho na kuchukua dhahabu. Akachukua nyingine Helsinki 1952, Melbourne 1956, na Olimpiki ya Rome 1960, zote tatu katika Finn. Hakuna mwanamichezo aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki nne mfululizo. Nyumbani kwake alitengeneza benchi la kufanyia mazoezi ya kujitupa nje, wakati wenzake waliamini kwamba mashua inafundishwa majini tu. Mwaka 1954 alianzisha kampuni ya kushona matanga, na kifaa chake cha kutoa maji chini ya mashua inapokuwa katika mwendo kinatumika hadi leo. Aliirudia Olimpiki tena na tena, na mwaka 1984, akiwa na miaka 56, alishika nafasi ya nne pamoja na binti yake Trine katika mashua ya Tornado. Msimamo wake uliokumbukwa zaidi ni kwamba mtu aliyeshinda mbio akapoteza heshima mbele ya wapinzani wake hajashinda kitu.

Kwa kipimo hicho, Ainslie ana doa moja. Desemba 2011, katika ubingwa wa dunia huko Perth, Australia, aliamini kwamba mawimbi ya mashua ya wapiga picha yalimharibia mbio. Mbio zilipokwisha aliruka majini, akaogelea hadi kwenye mashua ile, akapanda na kuwakabili waliokuwemo. Waamuzi walimwengua katika mbio mbili na ubingwa ukamponyoka. Mimi simtetei. Hasira ile ile iliyomfanya awe mgumu kushindwa ilimtoka mahali pasipostahili, na adhabu ilikuwa ya haki.

Miezi minane baadaye ndipo tunapofika Weymouth, na sasa mtu anaweza kuona kilichokuwa kinatokea. Høgh-Christensen alimtangulia Ainslie katika mbio zote sita za mwanzo. Sita mfululizo, nyumbani kwa Ainslie, mbele ya watu wake, na mpinzani akiwa Mdenmark, mwananchi mwenza wa Elvstrøm ambaye rekodi yake ya dhahabu nne ilikuwa imesimama tangu 1960. Kisha Mdenmark na Postma wakadai kwamba Ainslie amegusa boya. Yeye aliamini hakugusa, lakini akajizungusha ile adhabu kuliko kuhatarisha kuenguliwa, na alipofika ufukweni akasema wazi kwamba wamemkasirisha. Safari hii hasira iliingia kwenye mashua. Akapunguza pengo siku baada ya siku hadi pointi mbili, na siku ya medali akafanya alichojifunza kwa Scheidt: akamshika mtu mmoja na kuwaacha wengine wakimbie.

Baada ya hapo aliachana na mashua za mtu mmoja. Aliingia katika Kombe la Amerika, na mwaka 2013 huko San Francisco alipandishwa katika chombo cha Oracle Team USA kama mpanga mbinu, timu yake ikatoka nyuma kwa mbio 8 kwa 1 na kushinda 9 kwa 8. Mwaka huo huo aliitwa Sir. Mwaka 2024 huko Barcelona aliiongoza timu ya Uingereza hadi fainali, wakafungwa na New Zealand 7 kwa 2. Huo ni mchezo mwingine wenye fedha nyingi na vyombo vinavyoruka juu ya maji. Hadithi yake inataka makala yake.

Scheidt hakutoweka baada ya Sydney, na haki inataka tuseme hivyo. Alipata dhahabu ya pili Athens, akahamia mashua ya Star akapata fedha mwaka 2008 na shaba 2012, medali tano kwa jumla, kisha akarudi kwenye Laser na kushindana Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 48, dhidi ya vijana waliozaliwa baada ya Savannah.

Finn iliondolewa katika Olimpiki baada ya Tokyo. Laser imebaki, na kubaki kwake kunatuhusu sisi wa pwani hii kuliko inavyoonekana. Mashua ni ile ile kila mahali, tajiri hawezi kununua iliyo bora zaidi, na kinachobaki kati ya washindani ni mwili, macho na hesabu. Deizy Nhaquile wa Msumbiji, aliyekulia Maputo kwenye bahari hii hii ya Hindi, alishindana Tokyo katika Laser Radial. Vijana wa Msasani kijijini na Kunduchi wanaosoma upepo tangu utotoni kwa ajili ya samaki wameshapita darasa lililo gumu kuliko yote. Wanachokosa ni chombo cha kushindania, mtu wa kuwafundisha kanuni mbili tatu, na mashindano ya mara kwa mara. Klabu ipo, ghuba ipo, na kuanzia Juni upepo upo karibu kila alasiri.